Breki Kwanza, Mwendo Baadaye

Meza yetu ya barua imejaa mjadala ambao hatukuutarajia. Kwa majuma kadhaa sasa wasomaji wetu wa Mombasa na wa bara wamekuwa wakibishana juu ya yale magari madogo ya saluni, yenye asili ya mbio, yaliyotengenezwa miaka 20 au 30 iliyopita, ambayo vijana wetu, pamoja na wazee wachache wenye mvi, huyatunza kama mboni ya jicho na kuyaongezea nguvu kwa mikono yao wenyewe. Upande mmoja wasema kwamba magari hayo ni mauti yatembeayo, kwamba yanawaamsha wagonjwa na watoto wachanga usiku wa manane, na kwamba serikali ingefanya jambo la hekima kuyaondoa barabarani yote kwa pamoja. Upande wa pili, ndio wenye magari, walalamika kwamba wanahesabiwa kuwa wahuni kabla hawajafungua vinywa vyao, ilhali wao hutumia mishahara yao, jasho lao na Jumapili zao kukiweka hai chombo ambacho wengine wangekitupa jalalani.

Gazeti hili halina desturi ya kuwasifu wagombanao wote wawili ili lipendwe na wote wawili. Hata hivyo, baada ya kuzisoma barua hizo kwa makini, na baada ya kukaa na mafundi katika gereji zao na kuwasikiliza, tumeona kwamba kila upande umeshika nusu ya haki na kuiacha nusu nyingine. Tutaeleza kwanza kwa nini twayatetea magari haya. Kisha tutaeleza masharti ambayo, yasipotimizwa, utetezi wetu hauna maana yoyote, na sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kuuondoa.

Watu wa nchi hizi hawakuanza jana kuyapenda magari ya saluni yaendayo kasi. Mwaka 1953, katika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye ulimwengu mzima uliyajua kwa jina la Safari. Magari yaliyoshinda katika miaka ile hayakuwa vyombo vya ajabu. Mengi yalikuwa ndugu wa damu wa magari ambayo mwalimu mkuu, karani wa benki au daktari wa wilaya aliyaendesha kwenda kazini. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena mwaka 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania, na ikashinda mara nyingine mwaka 1968. Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, alishinda mara nne mfululizo kuanzia mwaka 1979 hadi 1982 akiwa na Datsun za ukoo wa Violet, gari ambalo wengi wa wasomaji wetu wenye umri walipata kulipanda kwenda harusini au sokoni.

Lakini mfano tunaoupenda kupita yote ni wa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, ambaye watu walimwita Simba. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant waliishinda Safari kwa gari la Volvo PV544 ambalo halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kutumika katika mashindano kabla ya kufika mikononi mwao. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa sifa. Alijua kila nati ya chombo chake. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer, na katika Safari 22 alizoanza, alifika mwisho mara 19. Tunawaomba vijana wetu waitafakari hesabu hiyo ya mwisho kuliko zile za ushindi. Katika mashindano ambayo mwaka 1963 na mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, mtu huyu alifika mara 19 kati ya 22. Haikuwa bahati. Ilikuwa ni kazi ya spana, macho na masikio, iliyofanywa kabla ya bendera kushushwa.

Basi kijana wa leo anayelipenda gari la zamani la mbio hakuzua jambo la kigeni. Amerithi. Gari lililo midomoni mwa wengi wao sasa ni Subaru Impreza WRX, na si ajabu, kwa kuwa Impreza ilishinda Safari mwaka 1997 ikiendeshwa na Colin McRae, na tena mwaka 2000 ikiendeshwa na Richard Burns, na watoto waliosimama vumbini wakaiona ikipita ndio watu wazima wa leo wenye uwezo wa kuinunua. Tutalitumia gari hilo kuwa mfano wetu katika makala haya, ingawa mengi tutakayoyasema yamhusu pia mwenye Toyota, Mitsubishi, Peugeot, BMW au Alfa Romeo ya zamani.

Gari hili lilitoka kwa mara ya kwanza huko Japani mwaka 1992. Lina injini ya lita mbili yenye silinda nne zilizolala ubavu, mbili kulia na mbili kushoto, na pistoni zake hupigana ngumi kama mabondia wawili. Lina feni iendeshwayo na moshi wa injini yenyewe, ambayo mafundi huiita tabo, na injini huyasukuma magurudumu yote manne. Nguvu zake za mwanzo zilikuwa farasi 240, na baadaye aina ya STI ikafikia 280, kikomo ambacho makampuni ya Japani yalikuwa yamekubaliana kutokivuka hadi mwaka 2004. Kumbuka, msomaji, kwamba hizo ni nguvu alizotoka nazo kiwandani, kabla mtu yeyote hajaongeza kitu. Kwa gari jepesi la watu watano, nguvu hizo zatosha na kubaki.

Kuna jambo jingine ambalo wanaotaka magari haya yafagiliwe hawalifikiri. Kanuni ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka minane. Hatuna ugomvi na kanuni hiyo. Lakini maana yake ni kwamba yale magari ya miaka ya 1990 yaliyomo humu nchini ndiyo hayo hayo. Likiharibika moja, halitashushwa jingine la rika lake pale Kilindini. Pamoja nalo hupotea elimu. Kijana aliyejifunza kuifungua injini, kuipima, kuisafisha na kuirudisha ikiwaka, ana kazi mkononi ambayo shule nyingi hazimpi. Ukiwaondoa wenye magari haya kwa amri moja, utakuwa umezifunga pia gereji ambamo vijana hao hujifunza.

Huo ndio utetezi wetu. Sasa tuje kwenye masharti, nasi tutayasema bila ya kupaka asali.

Sharti la kwanza ni kwamba gari litunzwe kabla halijaongezwa kitu. Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna mahali ambapo maneno hayo ni kweli kuliko ndani ya injini iliyokwisha kuvuka miaka 20. Injini ya gari tuliyoitaja huongozwa na mkanda wa mpira ambao huzungusha shafti za vali. Mkanda huo wapaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika injini ikiwa katika mwendo, vali na pistoni hugongana, na mwenye gari huamka asubuhi akiwa na chuma chakavu. Mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji. Fundi mwangalifu anapoubadilisha mkanda, hubadilisha pia pampu, roda zake na kile kifaa cha kuukaza, kwa kuwa kazi ya kufungua ni moja. Mwenye gari anayebana senti hapo hulipa injini nzima baadaye.

Oili nayo ni damu ya chombo. Tabo huzunguka kwa mwendo wa ajabu huku ikichomwa na moshi wa moto, na kinga yake ni ule utando mwembamba wa oili. Beringi za injini hii zinajulikana kwa kutosamehe upungufu wa oili hata kwa dakika chache za mwendo mkali. Kwa hiyo kijiti cha kupimia oili sharti kichomolewe kila gari liingiapo kwenye kituo cha petroli, na oili ibadilishwe mapema kuliko ilivyo desturi ya gari la kawaida. Mafundi waaminifu tuliozungumza nao hawavuki kilomita 5,000. Wao hao walituonya pia juu ya oili bandia zilizotiwa katika madebe yenye majina makubwa. Bei ikiwa ya chini mno, kuna sababu, nayo sababu hiyo utaikuta chini ya injini.

Sisi wa pwani tuna adui zaidi. Hewa yetu ya chumvi hula bodi polepole, ikianzia mahali ambapo jicho halifiki: chini ya mazulia, ndani ya milango, na katika matao yaliyo juu ya magurudumu ya nyuma. Rangi mpya juu ya kutu ni sawa na shuka nyeupe juu ya godoro lenye kunguni. Vilevile tumeona watu wakitia katika rejeta maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi. Maji hayo huila alumini ya injini kutoka ndani. Dawa ya kupozea injini si anasa. Na vichwa vya rejeta za miaka ile ni vya plastiki, navyo vikizeeka hupasuka ghafla, kwa kawaida katikati ya safari ndefu, baina ya Mackinnon na Voi, jua likiwa utosini.

Kisha kuna tairi na maji ya breki, vitu viwili ambavyo wenye magari ya fahari huvisahau kwa kuwa havisikiki vikinguruma. Kila tairi lina tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni juma na mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2312, jua kwamba tairi hilo lilitoka kiwandani katika juma la 23 la mwaka 2012, nalo limekauka hata kama meno yake ni marefu. Gari linalosukuma magurudumu yote manne lina sharti jingine: tairi zote nne ziwe za aina moja na za kimo kimoja, kwa sababu tofauti ya kimo huifanya difu ya katikati isage bila kupumzika. Mtindo wa kununua tairi moja moja zilizotumika, leo hili na kesho lile, ambao kwa gari jingine ni umaskini tu, kwa gari hili ni uharibifu.

Maji ya breki huvuta unyevu wa hewa, na Mombasa hatuna upungufu wa unyevu. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho chaweza kushuka hadi nyuzi 155. Dereva akishuka mlima akikanyaga breki mara kwa mara, maji hayo huchemka, hugeuka mvuke, na pedali huenda hadi sakafuni bila ya kitu kutokea. Kuyabadilisha kila baada ya miaka miwili ni kazi ya saa moja na bei yake haifiki bei ya tairi moja. Tunawauliza wenye magari haya wanaotusoma asubuhi hii: nani kati yenu aikumbuka tarehe ya mwisho aliyoyabadilisha?

Sharti la pili lahusu hayo maongezo yenyewe. Hatusemi kwamba mtu asiliguse gari lake. Kulifanya gari lifae kazi yake ni sehemu ya ufundi. Twasema kwamba yapo mambo yaliyo na mpangilio, na mpangilio huo hauwezi kupinduliwa bila ya mtu kuumia. Breki kwanza. Tairi pili. Springi na shokapu tatu. Upozaji wa injini nne. Nguvu ndiyo iwe ya mwisho. Katika gereji zetu mara nyingi twaona kinyume chake: nguvu imeongezwa mwezi wa kwanza, bomba kubwa la moshi mwezi wa pili, rangi mwezi wa tatu, na breki zimebaki zile zile zilizochakaa, zikingoja fedha ambazo hazifiki.

Hesabu ya jambo hili si ngumu, na mtoto wa sekondari aijua. Mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu ambayo breki zapaswa kuimeza huzidi mara nne. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo mipaka ya sheria mjini, hupita karibu mita 14 kila sekunde. Liendalo kilomita 100 hupita karibu mita 28. Dereva akichelewa sekunde moja tu kushtuka, tayari amekwisha kuvuka mita 28 kabla mguu wake haujaigusa pedali. Mama anayevuka barabara na kapu lake la mboga pale Changamwe au Mtwapa hana mita 28 za kumpa mtu yeyote.

Wako wanaoongeza nguvu kwa kuibadilisha kompyuta ya injini na kuilazimisha tabo isukume hewa zaidi. Hao wakumbuke kwamba magari haya yalipangwa huko kwao kwa petroli ya daraja la juu, ambayo Japani huuzwa kwa kawaida ikiwa na oktani 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifikii hapo. Injini ikilishwa hewa nyingi kwa petroli dhaifu, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake. Injini hugonga, na pistoni hupasuka kingo. Tena kuna jambo la nchi yetu yenyewe. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600, na hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya nguvu zake. Tabo huuficha upungufu huo kwa kuzunguka zaidi, na kwa hiyo huchoka zaidi. Fundi aliyelipima gari huko juu na kuliona liko salama, alipime tena lishukapo pwani, penye hewa nzito na joto kali. Asiye na vipimo vya kufanyia hivyo asiiguse kompyuta. Kukisia si ufundi.

Wengine hukata springi kwa msumeno ili gari liinamie chini na kupendeza macho. Springi iliyokatwa hukaa vibaya, shokapu hufa, na tairi husugua bodi. Nchi yenye matuta kila penye shule na kila penye soko haikuumbwa kwa magari yaburuzayo tumbo. Wale madereva wa Safari tuliowataja waliyainua magari yao na kuyakinga chini kwa mabamba ya chuma. Wao walikuwa wanakwenda mahali.

Ama kuhusu kelele, hapa hatuna huruma. Ule mngurumo wa asili wa injini hii hutokana na mabomba yake ya moshi yasiyolingana urefu, na mwenye masikio huutambua hata ukiwa wa chini. Kutoboa bomba na kuondoa kizuia kelele hakuongezi sifa yake. Hufanya tu mtaa mzima uchukie. Mtu anayepita kando ya hospitali au msikiti saa nane za usiku akilipua moshi kama bunduki hana haki ya kulalamika kwamba jamii haimpendi. Jirani aliyeamshwa ndiye atakayekwenda kushuhudia kwamba magari yote ya aina hiyo yapigwe marufuku, na katika kusema hivyo atamhukumu pia yule mzee mpole ambaye gari lake hutoka Jumapili asubuhi tu.

Sharti la tatu ni uaminifu. Kila mwenye gari mjini ajua jinsi vioo vya pembeni na taa zinavyong'olewa usiku. Vitu hivyo haviliwi. Huuzwa, na wanunuzi ni wenye magari ya aina ile ile. Mwenye gari la zamani, ambaye spea zake ni adimu, hujaribiwa kuliko wengine. Anapoletewa taa isiyo na risiti kwa nusu ya bei, na akainunua, basi ameagiza taa ya mwenziwe ing'olewe. Kesho itakuwa yake. Chama chochote cha wapenzi wa magari haya kinachotaka kuheshimiwa na kianze kwa kuwakataa wauzaji wa namna hiyo hadharani.

Uaminifu huo uende pia kwa kampuni ya bima. Mkataba wa bima umejengwa juu ya kusema kweli yote. Mtu aliyeibadilisha injini, akaongeza tabo kubwa, kisha akakata bima kana kwamba gari ni lile lile la kiwandani, ananunua karatasi ambayo huenda isimfae siku ya haja. Siku hiyo hatakuwa peke yake. Kutakuwa na mtu aliyelala hospitali akingoja fidia. Vilevile uaminifu uende kwa fundi. Fundi mzuri alipwe kazi yake kikamilifu na apewe muda. Wengi hulazimisha kazi ya siku tatu ifanywe kwa alasiri moja kwa sababu ya harusi ya kesho, kisha humlaumu fundi kwa nati iliyolegea.

Tunapendekeza jambo dogo kwa kila mwenye gari la namna hii: awe na daftari. Humo aandike tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa, spea iliyotiwa na jina la fundi. Daftari hilo litamsaidia yeye mwenyewe, litamsaidia atakayelinunua gari baada yake, na siku ya ukaguzi litasema kwa niaba yake kuliko maneno mengi. Mtu asiye na daftari hana utunzaji. Ana kumbukumbu tu, nayo kumbukumbu hupendelea mwenyewe.

Sasa tuwaelekee wenye mamlaka. Twajua kwamba katika miaka ya karibuni zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na kwamba kundi kubwa kupita yote ni la waendao kwa miguu. Mbele ya makaburi hayo hakuna mwenye gari anayeweza kudai kwamba fahari yake ni haki takatifu. Lakini amri ya kuyafuta magari yote ya zamani yaliyobadilishwa haitawafikia wahalifu. Itamfikia mwenye kutii, ambaye ataliegesha gari lake lioze uani, na asiyetii ataendelea kukimbia usiku kama kawaida yake, sasa bila hata ukaguzi.

Tunachoomba ni ukaguzi wa kweli. Gari lipandishwe kwenye mashine ya kupimia breki, tarakimu zisomwe na ziandikwe. Lisipite kwa kuzungukwa mara moja na kupigwa teke tairi. Mabadiliko yaliyofanywa yatajwe katika hati za gari, ili afisa wa barabarani ajue anachokiangalia na asibaki kubahatisha, wala kutumia kubahatisha huko kujipatia chai. Kelele zipimwe kwa chombo, si kwa hasira. Na anayeshindana barabarani, liwe gari lake jipya au la zamani, saluni au matatu, ashitakiwe kwa kushindana. Kosa liko katika mwendo wa dereva. Mwaka wa kuzaliwa wa gari si kosa.

Tunaomba pia mahali pafaapo. Nchi iliyoyarudisha mashindano ya Safari katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002, haiwezi kushindwa kuwatengea vijana wake uwanja uliozungushiwa ua, wenye gari la wagonjwa langoni, ambapo atakaye kukimbia atalipa kiingilio na kukimbia mchana mbele ya watu. Wale watakaoendelea kuifanya barabara ya Nyali kuwa uwanja wao hawatakuwa na kisingizio tena, na hakimu asiwe na huruma nao.

Tumebakiza neno kwa kijana mwenyewe, yule aliyetuandikia kwamba gari lake la mwaka 1998 aliliachiwa na marehemu baba yake, na kwamba jirani zake humwona jambazi. Ndugu yetu, hatuna shaka na mapenzi yako. Baba yako hakukuachia mwendo. Mwendo upo katika kila gari. Alikuachia kazi. Anza Jumamosi hii. Liinue gari juu ya vigingi imara, usitumaini jeki peke yake. Vua magurudumu yote manne. Tazama unene wa pedi za breki, tazama mipira ya maji ya breki kama imepasuka, soma tarakimu zilizo ubavuni mwa tairi. Badilisha maji ya breki. Andika tarehe katika daftari, ukurasa wa kwanza. Kisha mwite jirani yule anayekuona jambazi, umpeleke hadi Mtwapa na kurudi kwa mwendo wa kilomita 50, taratibu, madirisha yakiwa wazi.

Ukiona kwamba hata kwa mwendo huo gari bado lakufurahisha, basi wewe ndiwe mwenyewe wa kweli, na gazeti hili litasimama nawe. Ukiona kwamba bila ya kutisha watu huna raha nalo, liuze kwa mtu atakayelitunza.